Oda ya Baba

Delwyn akageuza kioo cha kompyuta kituelekee
kama daktari anayeonyesha picha ya mfupa.
"Anza popote, Orest. Gari lenyewe bado halipo."
Baba akavua kofia. Barafu ya ukingoni
ikadondoka mezani, ikawa maji.

Miaka yote alinunua kilichosazwa:
pikapu ya marehemu Wasyl, mlango rangi nyingine,
ile ya mnada, iliyonuka mbwa mpaka ilipokufa.
Gari ni koti la kaka, alizoea kusema,
mikono mirefu unaikunja, unaenda kazini.
Leo ana miaka sabini na miwili na anaulizwa rangi.

"Nyekundu."
"Ya zimamoto, au ya divai?"
Akanitazama. Nikatazama dirisha.
"Ya ghala," akasema. Delwyn akatafuta, akatafuta.
Ya ghala hawana. Akachukua kijivu.

Viti, kitambaa; ngozi ameiona vya kutosha ikiwa bado inatembea.
Sakafu, mpira. Nani apigie zulia magoti?
Hita ya injini, tiki, swali halijaisha,
maana Saskatchewan Januari haibishi hodi.
Usukani wenye joto: akacheka, akaona haya,
akavitazama vidole viwili visivyonyooka tangu lile lango.
"Haya, tia."
Na ngazi ya umeme upande wa abiria, ghali,
inayoshuka yenyewe mlango ukifunguliwa.
Hakusema ni ya goti la Mama.
Hakuna aliyeuliza.

Mimi nilikuwa nahesabu dola. Ndiyo kazi niliyoitiwa:
Larysa anajua hesabu, Larysa aje.

Kisha Delwyn, bila kuinua macho, maana mji huu
ni kama kumuuliza mtu kama anataka magurudumu:
"Na kulabu ya tela. Ile kubwa, bila shaka."
"Hapana."

Kidole kikabaki hewani.
"Hapana?"
"Hapana."

Tela letu liko nyuma ya ghala,
mbao zake zimelainishwa na ndimi za ndama.
Nimelifuata tangu nina meno ya maziwa,
alfajiri za vuli, njia ya mnadani,
pumzi za ng'ombe zikichomoza matunduni,
Baba mbele, asiyegeuka, anayejua uzito wake kwa mgongo.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.
Si mezani, si kwenye simu, si kwa "Larysa, keti."
Ng'ombe sitini na wanne walikwenda
kwa kisanduku kimoja kilichoachwa kitupu.

Nikauliza bei ya kijivu.
Kijivu kilikuwa bure.

"Inabadilika," Delwyn aliniambia mlangoni, sauti chini,
"mpaka kiwanda kitoe namba. Wiki sita, labda nane.
Apige simu tu."

Wiki ya tano nililala kwao. Saa tisa usiku
nikasikia ubao wa jikoni, ule unaolia, mbele ya simu.
Ukalia mara moja.
Ukanyamaza muda mrefu.
Ukalia tena, wa kurudi.

Namba ikatoka, herufi na tarakimu kumi na saba.
Mama akaibandika kwenye friji kwa sumaku ya jogoo.

Pikapu ilifika Juni, kijivu, ikinuka duka.
Ngazi ikashuka. Mama akasema "Oho!"
akapanda kama aliyeitwa jukwaani.
Baba akazunguka nyuma. Pale pa kulabu
wameweka kifuniko cha plastiki, laini, kama kiganja.
Akakigonga kwa ukucha, mara mbili,
kama mtu anayebisha kwenye nyumba aliyoiuza
aone nani ataitika.

Halafu akauliza joto la usukani linawashwa wapi.
Juni. Jasho linamtiririka shingoni.
Nikamwonyesha.